Mwelezeni Mwenyewe: Majibu kwa Madai Saba Kuhusu Ulemavu wa Akili na Taarifa za Afya

Mtu mwenye ulemavu wa akili anapofika zahanati akisindikizwa na ndugu, mara nyingi swali la kwanza la mhudumu humwendea ndugu: "Anaumwa nini huyu?" Mgonjwa amekaa pale pale, anasikia, na maumivu ni yake. Vipimo vikitoka, majibu anapewa ndugu. Dawa zikitolewa, maelekezo anapewa ndugu. Mwenye mwili anaondoka hajui kilichompata wala anachokwenda kumeza.

Hili ni suala la kufa na kupona. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu usawa wa afya kwa watu wenye ulemavu, wanaokadiriwa kuwa bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya sita duniani. Ripoti hiyo ilieleza kwamba baadhi yao hufariki hadi miaka 20 mapema kuliko wenzao. Uingereza nako, Chuo Kikuu cha Bristol kilichunguza vifo 247 vya watu wenye ulemavu wa akili na kutoa matokeo mwaka 2013: kwa wastani wanaume walikufa miaka 13 kabla ya wanaume wengine, na wanawake miaka 20 kabla ya wanawake wengine. Wachunguzi walikuta magonjwa yaliyochelewa kugunduliwa, matibabu yaliyocheleweshwa, na wagonjwa ambao hakuna aliyebadili utaratibu wa kawaida ili wahudumiwe ipasavyo.

Kabla sijaendelea, tuwekane sawa. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Huanza utotoni na huathiri uwezo wa kujifunza, kuelewa mambo mapya na kujimudu katika shughuli za kila siku. Wengine huzaliwa nao, kama wenye Down syndrome. Wengine huupata kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa malaria iliyopanda kichwani au kwa homa ya uti wa mgongo. Hauponyeki kwa vidonge, wala hauhitaji kuponywa ndipo mtu apate haki yake ya kujua habari za mwili wake.

Madai yanayotumika kumnyima haki hiyo ni yale yale, na mengi husemwa na watu wenye nia njema. Ndiyo maana yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Hawaelewi, kuwaeleza ni kupoteza muda."

Wanaosema hivi huwa na methali mkononi: asiyejua maana haambiwi maana. Lakini katika chumba cha matibabu methali hiyo inageuza mambo juu chini. Asiyejua ndiye wa kuambiwa.

Watu wengi wenye ulemavu wa akili wana ulemavu wa kiwango kidogo. Wapo wanaofanya kazi shambani na sokoni, wanaopanda daladala wenyewe, wanaolea wadogo zao. Wanachohitaji ni maelezo mafupi, kwa maneno wanayoyatumia nyumbani, yanayotolewa jambo moja moja na kurudiwa. Huhitaji kujua umbo la kimelea cha malaria ili utumie dawa vizuri. Unahitaji kujua kwamba una malaria, kwamba dawa hii ndiyo inayoiua, na kwamba uimeze mpaka iishe hata ukijisikia mzima. Wagonjwa wengi waliosoma hutibiwa kwa ujuzi wa kiasi hicho hicho na hakuna anayesema hawaelewi.

Kwa mwenye ulemavu mkubwa, asiyezungumza, maelezo hubadilika sura. Anaonyeshwa kifaa cha kupimia shinikizo la damu, anakishika, anaona kikifungwa kwanza mkononi mwa mama yake, ndipo kinafungwa mkononi mwake. Hayo nayo ni maelezo, na uso wake na mkono wake vitakuambia kama amekubali au ameogopa.

Kuna kosa moja linaloifanya hoja hii ionekane ya kweli. Mhudumu hueleza harakaharaka, kisha huuliza, "Umeelewa?" Mgonjwa hujibu, "Ndiyo." Kesho yake inabainika hakuelewa. Watafiti wamejua kwa miongo mingi kwamba watu wenye ulemavu wa akili huelekea kujibu "ndiyo" kwa swali la namna hiyo, hasa mbele ya mtu mwenye mamlaka. Wamefunzwa tangu utotoni kwamba "ndiyo" huwaepusha na kukemewa. Dawa yake ni kuacha kuuliza hivyo. Sema: "Nionyeshe utakavyomeza dawa hizi kesho asubuhi." Akitoa vidonge viwili badala ya kimoja, umegundua tatizo akiwa bado mbele yako, na unaweza kueleza upya kwa namna nyingine.

Dai la pili: "Akielezwa mzazi, inatosha."

Simdharau mzazi hata kidogo. Katika nchi zetu akina mama, na mara nyingi bibi na dada wakubwa, ndio wanaobeba matunzo ya watu hawa miaka nenda miaka rudi, karibu bila msaada wowote. Lazima waelezwe, tena vizuri. Hoja yangu ni kwamba hawawezi kuelezwa badala ya mgonjwa.

Kwanza, mzazi hasikii maumivu ya mwanawe. Kijana anaanza kujipiga sikio na kupiga kelele usiku. Nyumbani wanasema, "Ndivyo alivyo." Daktari naye anaandika kwamba ni tabia inayotokana na ulemavu. Kumbe sikio limeoza ndani, au jino. Namna hii ya kubebesha ulemavu kila dalili ni miongoni mwa sababu zinazofahamika sana za kuchelewa kugundua magonjwa kwa watu hawa. Mtu aliyefundishwa kuonyesha panapomuuma, kwa kidole au kwa picha ya mwili, ana nafasi kubwa zaidi ya kuokolewa.

Pili, mzazi hayupo saa zote, na ipo siku hatakuwepo kabisa. Kifafa huwapata watu wenye ulemavu wa akili mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na dawa zake hazitakiwi kukatizwa ghafla. Kijana ambaye hajawahi kuambiwa vidonge vile vyeupe ni vya nini ataviacha siku mama akisafiri kwenda msibani.

Tatu, mkataba umekwisha kusema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, katika ibara ya 25, unawataka wahudumu wa afya watoe huduma kwa ridhaa ya hiari ya mwenye ulemavu mwenyewe, baada ya kuelezwa. Utaratibu mzuri ni rahisi: msalimie mgonjwa kwanza, muulize yeye kwanza, kisha mgeukie ndugu na useme, "Mama, nisaidie kama kuna ambalo hakulisema." Mama anabaki na heshima yake, na mwana anapata yake.

Dai la tatu: "Mambo ya hedhi, uzazi na ukimwi hayawahusu. Ukiwaambia, utawaamsha."

Hili ndilo dai linalodhuru kuliko yote, na linasemwa kwa sauti ya upole zaidi kuliko yote.

Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti kuhusu ukatili dhidi ya watoto wenye ulemavu. Watoto wenye ulemavu wa akili au matatizo ya afya ya akili walionekana kuwa katika hatari ya ukatili wa kingono mara 4.6 kuliko watoto wasio na ulemavu. Mwovu humtafuta asiye na majina ya viungo vyake, asiyejua kuguswa kupi ni kubaya, na ambaye hakuna atakayemsadiki akisema. Kumnyamazia msichana kuhusu mwili wake hakumlindi, kunamwacha mikononi mwa atakayemfundisha kwa ubaya.

Tena kunyamaza huku si desturi yetu. Pwani, msichana anapovunja ungo hukabidhiwa kwa somo au kungwi anayemfunda habari za usafi, hedhi na heshima ya mwili wake. Bara nako wapo shangazi na bibi wenye kazi hiyo. Jamii zetu zinaamini kwamba mwili una elimu yake na elimu hiyo ina wakati wake. Msichana mwenye ulemavu wa akili naye huvunja ungo. Damu humjia kama inavyowajia wenzake, na asipoambiwa hudhani ameumia.

Tazama pia saratani ya shingo ya kizazi, ambayo kwetu inaua wanawake wengi ingawa inazuilika. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV dhidi ya saratani hiyo nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Kenya Oktoba 2019 kwa wa miaka 10. Shule ndizo zilizokuwa njia kuu ya kuwafikia. Binti aliyefichwa nyumbani hakusikia tangazo na hakuchanjwa, isipokuwa kama nyumba yake ilifikiwa na mtu aliyemkumbuka. Akikua, hatakumbukwa kwenye uchunguzi pia, kwa sababu watu hudhani hana maisha ya ndoa wala mapenzi.

Uchunguzi wenyewe unaelezeka. Katika vituo vyetu vingi hufanywa kwa siki, na mwanamke anaweza kuambiwa hivi: "Utavua nguo ya ndani na kulala chali kitandani. Nitaingiza kifaa hiki ukeni ili nione vizuri. Kishike kwanza. Utakisikia, na huenda kikakukera kidogo. Nitapaka siki. Inaweza kuwasha kidogo. Tutasubiri kama dakika moja, kisha nitaangalia. Ukisema 'basi', nitaacha." Hakuna neno gumu hapo. Uingereza, daktari wa magonjwa ya akili Sheila Hollins, ambaye mwanawe ana ulemavu wa akili, alianza mwaka 1989 kutoa vitabu vya picha visivyo na maneno kwa ajili ya watu wasiosoma. Miongoni mwa vitabu vya mfululizo huo wa Beyond Words kipo kinachoeleza uchunguzi huu hatua kwa hatua, na kingine kinahusu matiti. Kama mchoraji anaweza kulieleza jambo hili bila neno hata moja, muuguzi mwenye Kiswahili fasaha hana kisingizio.

Dai la nne: "Lugha nyepesi inapotosha utabibu, na ni kuwafanya watu wazima watoto."

Tulipime dai hili kwa dawa tunayoijua sote, dawa mseto ya malaria iitwayo ALu. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi hunywa vidonge 24 kwa siku tatu. Maelekezo ya kawaida husema: "Vidonge 4, dozi ya pili baada ya saa 8, kisha kila baada ya saa 12 hadi dozi ikamilike. Zingatia kumaliza dozi hata dalili zikitoweka."

Ni sahihi, lakini msikilizaji ana mtihani wa hesabu. Na kwa kuwa saa nane kwetu ni mchana, yupo atakayesikia kwamba ameze baada ya chakula cha mchana. Sasa chukua maelezo haya, kwa mgonjwa aliyefika zahanati saa nne asubuhi:

"Una malaria. Dawa hii inaua malaria.
Meza vidonge 4 sasa hivi, hapa.
Leo jua likizama, kula, kisha meza vidonge 4.
Kesho asubuhi, kunywa chai na kitu cha kula, kisha meza vidonge 4.
Kesho jua likizama, kula, kisha meza vidonge 4.
Keshokutwa asubuhi vidonge 4. Keshokutwa jioni vidonge 4. Dawa imekwisha.
Ukijisikia umepona, endelea kumeza mpaka iishe.
Ukitapika dawa, rudi hapa."

Maelezo ya pili ni marefu zaidi na hayajapoteza kitu. Idadi ni ile ile, nafasi kati ya dozi ni ile ile, na chakula kimetajwa, kwa sababu dawa hii hufyonzwa vizuri ikiambatana na mlo. Kilichoondolewa ni kazi ya kukokotoa, ambayo mhudumu ameifanya badala ya kumtwika mgonjwa. Huo ni utabibu makini zaidi, na bahasha iliyoandikwa "2x3" kwa kalamu haiufikii.

Kuhusu utoto: shirika la Inclusion Europe lilitoa mwaka 2009 kanuni za kuandika maandishi rahisi kusomeka, zilizotayarishwa pamoja na watu wenye ulemavu wa akili kutoka nchi mbalimbali. Kanuni hizo zinataka sentensi fupi, wazo moja kwa sentensi moja, herufi kubwa za kiasi cha 14, vifupisho viepukwe, na msomaji aitwe "wewe". Zinataka pia lugha na picha za mtu mzima zitumike kwa mtu mzima. Mwanamume wa miaka 40 aelezwe kisukari chake bila katuni ya sungura. Kinachomdharau mtu mzima ni kusemwa mbele yake kana kwamba hayupo.

Dai la tano: "Weka picha, kazi imekwisha."

Hili ni dai la marafiki zetu, na huponza kampeni nyingi. Picha ni lugha, na lugha husomwa vibaya. Mchoro wa mji wa mimba peke yake, bila mwili unaouzunguka, unaweza kuonekana kama kichwa cha ng'ombe. Mishale inayokwenda kushoto kulia haimwongozi asiyezoea kusoma. Glasi ya pombe iliyopigwa alama ya mkato mwekundu huonekana kama glasi tu.

Tunajua picha nzuri zinasaidia. Tanzania ilipoifanya ALu kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa 2006, dawa ilikuja katika paketi zenye michoro ya namna ya kumeza, zikitofautishwa kwa uzito wa mgonjwa. Hakuna aliyesema michoro hiyo ni ya wajinga. Lakini pia watafiti wa Uingereza wamekuta kwamba kijitabu cha picha na maneno mepesi, kikiachwa peke yake, hakiongezi uelewa sana. Kinachoongeza ni mtu wa kukaa na mgonjwa, kukipitia pamoja, kuuliza na kurudia.

Kwa hiyo picha hupimwa kwa watumiaji wenyewe kabla ya kuchapishwa. Waonyeshe watu watano wenye ulemavu wa akili na uwaulize, "Unaona nini hapa?" Wakiona kitu kingine, mchoro ndio ulioshindwa. Na kazi hiyo walipwe, kama anavyolipwa mshauri mwingine yeyote.

Dai la sita: "Hatuna fedha wala muda. Dawa zenyewe hazitoshi."

Uhaba ni wa kweli. Muuguzi mwenye foleni ya watu tangu alfajiri hawezi kuongezewa mzigo kwa hotuba. Lakini hesabu ya muda ina pande mbili. Mgonjwa asiyeelewa huogopa, anashikwa na watu watatu ili achomwe sindano, na safari ijayo hakubali kuingia hata getini. Dozi isiyomalizwa inamrudisha na malaria. Dawa ya kifafa iliyoachwa inamrudisha akiwa ameungua, ameangukia moto wa jikoni. Dakika chache za kueleza ni nafuu kuliko hayo yote.

Na mengi hayahitaji bajeti. Uingereza, Agosti 2016, vituo vya umma vya afya na huduma za jamii vilianza kutakiwa kufuata hatua tano: kumuuliza mtu anahitaji kuelezwa vipi, kuandika jibu, kuliweka mahali panapoonekana, kuwapasha wahudumu wengine, na kulitekeleza. Sisi tuna kifaa cha kazi hiyo tayari. Wagonjwa wetu wengi huja na daftari la shule lililogeuzwa kuwa faili lao. Ukurasa wa kwanza wa daftari unaweza kuandikwa: "Naitwa fulani. Niongeleshe mimi kwanza. Nionyeshe kifaa kabla ya kukitumia. Nikiwa na maumivu huwa kimya na siangalii watu. Naogopa sindano, nikihesabiwa mpaka tatu naweza. Dawa zangu ni hizi." Kwa kalamu na dakika kumi, muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kumwona mgonjwa huyu anajua pa kuanzia.

Wapo pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tanzania ilizindua mpango wao mpya Januari 2024, na Kenya mwaka 2023 ilikabidhi vifaa kwa wahamasishaji wa afya wapatao 100,000. Hawa huingia majumbani na wanajua nani amefichwa chumba cha uani. Mafunzo yao yakiwa na somo moja la namna ya kuzungumza na mtu mwenye ulemavu wa akili, maelezo yatafika mahali ambapo kipeperushi hakijawahi kufika. Watakaofaidi ni wengi: mzee aliyepungukiwa kumbukumbu, mama asiyejua kusoma, na mtu yeyote aliyeambiwa ana saratani na kwa mshtuko asisikie tena kinachosemwa.

Dai la saba: "Hayo ni mambo ya Wazungu."

Kenya iliridhia mkataba nilioutaja mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Hizi ni sheria zetu. Zanzibar ina jumuiya ya ZAPDD na Kenya ina KAIH, ambamo watu wenye ulemavu wa akili na familia zao wamekuwa wakidai mambo haya kwa miaka mingi, kwa Kiswahili.

Wala nchi tajiri hazijafika. Mwaka 2007 shirika la Mencap lilieleza vifo vya watu sita wenye ulemavu wa akili ndani ya huduma ya afya ya Uingereza, na kuviita matokeo ya kutojali. Wakati wa UVIKO-19 watu hawa walikufa huko kwa kiwango kikubwa kuliko wengine, na ni Februari 2021, baada ya kelele nyingi, ndipo wote waliosajiliwa kwa madaktari wao walipowekwa mbele katika foleni ya chanjo. Walichonacho wenzetu ni kumbukumbu za vifo hivyo na ujasiri wa kuzichapisha, nasi tunahitaji vyote viwili.

Ninachodai kinatekelezeka. Vyuo vya uuguzi na utabibu vifundishe namna ya kueleza kwa lugha nyepesi na kuhakikisha mgonjwa ameelewa, na somo hilo litahiniwe, huku mwenye ulemavu wa akili akiwa mmoja wa walimu. Wizara za afya zipitie upya vipeperushi vya magonjwa makubwa, yaani malaria, ukimwi, kifua kikuu, kisukari, kifafa na saratani, na kila kimoja kiwe na toleo jepesi la Kiswahili, lenye sauti kwa ajili ya redio na simu. Na kipeperushi chochote kisipelekwe kiwandani mpaka kimesomwa na watu wenye ulemavu wa akili, wakasema kwa maneno yao wenyewe kinawaambia wafanye nini. Wakishindwa kusema, kirudishwe kwa aliyekiandika.